Mchezo Uliokwama Gachoka

Rafiki yangu Gachoki alikuwa fundi wa kompyuta mjini Meru. Mwaka 1999 aliitwa aende kijiji cha Gachoka na Gladys, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake tangu mumewe afariki. Mchezo wa magari kwenye kompyuta aliyoiacha marehemu ulikuwa ukikwama-kwama. Gachoki akakuta feni ya kadi ya picha imejaa vumbi na kadi inachoma. Akaisafisha, magari yakaenda vizuri.

“Unapenda sana huu mchezo, mwalimu?”

“Mimi sijui kuucheza,” Gladys akajibu kutoka mlangoni. “Hukaa tu nikisikiliza.”

Stima ikapotea. Madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa, giza likajaa chumbani. Feni ikanyamaza, lakini vitufe vya kibodi vikaanza kulia. Gachoki akanyoosha mkono kwenye kibodi, navyo vikaendelea kubonyea chini ya vidole vyake.