Nilimnunulia Simu Ili Asiende Kasino

Nina miaka arobaini na tisa, ni mama lishe hapa Mikumi, kando ya barabara kuu. Nasimulia haya kwa uchungu, kwa sababu najua kuna mwanamke mwenzangu mahali fulani anayemshukuru Mungu kwamba siku hizi mumewe anashinda nyumbani. Hebu nisikilize kwanza.

Mume wangu alikuwa mtu wa kasino. Alikuwa anapanda basi hadi Morogoro mjini, anarudi kesho yake macho mekundu, shati linanuka sigara za watu. Ugomvi wetu mtaa mzima uliujua. Lakini angalau nilikuwa najua… Nikimwona anapiga pasi suruali siku ya kazi, nilificha hela. Na akitaka kuuza ng'ombe, kwa kuwa hakuwa na simu, ilibidi aende mwenyewe hadi Msowero kwa Masanja, mdogo wake anayetuchungia, na huko kila mtu angemuuliza anauza kwa nini. Aibu ilikuwa inamrudisha.

Wale hawakuwa ng'ombe wa kuchezea. Walikuwa mahari ya binti yetu Kabula, aliyeolewa Kilosa. Kwa desturi ya ukoo wetu wa Kisukuma, ndoa ikimshinda binti, ng'ombe wanarudishwa kwa ukoo wa mume, naye anarudi kwao.

Nikajiona mjanja. Nikamnunulia simu kubwa ya kugusa, aangalie mpira nyumbani, asahau kasino. Na kweli akasahau… Safari zikaisha. Akawa anakaa kwenye benchi karibu na jiko langu, mpole, simu mkononi. Wateja wakanipongeza. Kanisani nikatoa sadaka ya shukrani.

Hivi nilikuwa kipofu? Mtu ambaye hakuwahi kupiga hata chandimu ya mtaani alianza kushangilia timu za nchi asizoweza kuzitamka. Mara acheke peke yake, mara jasho limtoke asubuhi yenye baridi. Nikimuuliza, anasema mpira una presha. Niliona, nikajifanya sioni, maana nyumba ilikuwa na amani… Amani gani ile!

Kisha Kabula akaja, mkono umefungwa plasta, jicho limevimba. Safari hii hakusema ameanguka. Alisema mumewe ameapa kwamba siku nyingine atamuua. Nikamwambia baba yake arudishe ng'ombe wa watu, mtoto abaki nyumbani. Akainama, akaendelea kubonyeza simu.

Nikampigia Masanja.

"Shikamoo shemeji," akasema.

"Marahaba. Nataka ng'ombe wa Kabula wapelekwe Kilosa."

"Ng'ombe gani tena, shemeji? Si kaka alikuwa ananipigia niuze mmoja mmoja, namtumia hela kwenye simu? Alisema mnajenga."

Wote… Waliisha huku nimekaa naye hapo hapo, namkaangia chapati! Kasino ilimtaka apande basi, aonekane na watu, aone haya. Kubeti kwa simu hakukumtaka hata anyanyuke kwenye benchi.

Wakwe wakaja wakasema wanataka ng'ombe au mke wao. Najua mtaniuliza mbona sikwenda polisi. Nilitaka, nilishavaa na viatu. Kabula mwenyewe ndiye aliyenishika mkono.

"Mama, acha," akaniambia. "Polisi watauliza ng'ombe wako wapi, na baba akianikwa mbele ya ukoo atajiua."

Akajifunga khanga yake, akaondoka nao. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi.

Wanawake wenzangu, mume akitulia ghafla, msikimbilie kushukuru. Muulizeni anatulizwa na nini. Mali iliyoko kwa ndugu, nendeni mkaione kwa macho yenu. Na ninyi wanaume mnaosema simu ina nafuu kuliko kasino, njooni mniambie nafuu hiyo iko wapi. Mimi sikuuliza, wala sikwenda Msowero kuangalia, na leo mwanangu analala nyumba moja na mtu aliyeapa kumuua.