Dole Kwenye Fomu ya Bibi

Saa kumi na mbili kasoro jioni, Msomi alipanda ngazi za jengo la lugha kufuata karatasi moja tu: barua ya udhamini. Jina la Msomi alipewa mtaani, na si kwa heshima. "Msomi, bado unatafuta?" humuuliza muuza mkaa kila asubuhi, huku anacheka. Digrii mbili za isimu, na sabuni ya kuogea ananunuliwa na shangazi yake! Safari hii kazi ilikuwepo, ilimradi barua ya Profesa ifike kabla ya Ijumaa.

Profesa alikuwa chumba namba tisa, anawafundisha wanafunzi wa uzamili maadili ya utafiti.

Maadili. Msomi alicheka peke yake koridoni, kicheko cha mtu aliyeng'atwa na mbwa, kisha akamkuta mbwa yuleyule anauza dawa ya vidonda.

Akachungulia. Wanafunzi kumi na wawili, laptopu wazi, macho mazito. Ukutani, mwanga wa projekta. Na ndani ya mwanga ule...

Dole gumba la zambarau. Kubwa kama sinia.

Dole lake.

"Aa, karibu!" Profesa akamwita. "Huyu dada yenu ndiye tuliyekwenda naye kumrekodi yule bibi wa kwenye fomu hii. Bibi hakujua kusoma, lakini ridhaa aliitoa, mnaiona. That is ethics, my friends. Sasa tusikilize rekodi yenyewe."

Damu ikamchemka Msomi mpaka masikioni.

Bibi hakutoa ridhaa yoyote. Miaka minne nyuma walikaa chumbani kwake, moshi wa kuni unawatoa machozi, na bibi akasema waziwazi: "Zima hicho kidude, mwanangu. Haya ni maneno ya kumsindikiza maiti. Nakusemea mara moja tu, yasife nami, halafu nitayarudisha. Yakisemwa bila maiti, na yasirudishwe... yatamtafuta."

"Nimezima, bibi," alisema Msomi.

Hakuzima. Profesa alikuwa amemkonyeza. Kinasa sauti kikaendelea ndani ya mkoba, na Msomi, kwa kukitegemea, hakushika hata neno moja kichwani. Betri ikafa kabla bibi hajaanza kuyarudisha. Wiki ile ile bibi naye akafa, fomu ya ridhaa ikabaki tupu.

"Weka dole lako," Profesa alimwambia. "Nani atapima?"

Akaweka. Alitaka kuhitimu.

Tangu hapo rekodi huchezwa kila mwaka kwenye mafunzo haya. Mwaka wa kwanza, dereva wa idara alifariki wiki hiyohiyo. Wa pili, mtunza maktaba. Mwaka jana, katibu muhtasi, mama wa watu, hata kuumwa kichwa hakuumwa. Msomi alisoma matangazo ya misiba akajiambia ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani inayofuata ratiba ya masomo?

"Profesa, usiicheze."

"Excuse me?"

"Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Umeandika mwenyewe, kipengele cha tano. Najitoa."

"Wewe si mshiriki, bwana. Usinivunjie darasa."

Msomi akapita mbele, akaweka dole lake kando ya lile la ukutani. Mkunjo kwa mkunjo. Kovu la kisu cha vitunguu, huku na huku.

"Mungu wangu," mtu akanong'ona nyuma.

Profesa akamsogelea, tabasamu halijamtoka, sauti imeshuka mpaka chini. "Barua yako iko kwenye droo. Imebaki saini tu. Kaa chini, binti."

Njaa ikamwambia kaa. Shangazi, sabuni, kicheko cha muuza mkaa, vyote vikamwambia kaa.

"Kaa nayo," alisema Msomi. "Na hao watu watatu uliowazika, wajibie hapa, mbele ya wanafunzi wako!"

Profesa akabonyeza kitufe. Kwa hasira tu. Kwa kukomoa.

Sauti ya bibi ikatoka kwenye spika, kavu, taratibu, kama mtu anayekwangua chungu. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Lakini harufu ikaingia...

Moshi wa kuni.

Maneno yakapanda, yakashuka, yakafika mwisho. Kila mwaka rekodi hukatika hapo. Kimya.

Halafu pumzi.

Halafu jina.

Si jina la Profesa lililoandikwa mlangoni. Lile la utotoni, ambalo hapo chuoni hakuna aliyewahi kulisikia.

"Nani..." Profesa alishika meza. "Nani kawaambia jina hilo?"

Msomi akarukia waya, akaung'oa ukutani. Taa ya spika ikazimika.

Spika ikavuta pumzi tena.

Kama mtu ambaye hajamaliza.

Msomi alitoka mbio, mikono masikioni, akashuka ngazi tatutatu. Jina la pili hakulisikia.

Profesa walimzika Jumamosi. Presha, walisema. Barua ilikutwa kwenye droo, haina saini.

Jumatatu Msomi alimvizia getini binti mmoja wa darasa lile. "Mdogo wangu, lile jina la pili. Lilikuwa la nani?"

Binti hakumtazama usoni. Alitazama dole la Msomi.

"Dada, usiniulize," alisema, akavuka barabara bila hata kuangalia magari.

Siku hizi, jua likizama, Msomi hukaa na kalamu na daftari akijaribu kukumbuka yale maneno ya kurudishia. Aliyasikia kwa masikio yake, hatua mbili kutoka kinywani mwa bibi. Digrii mbili za isimu, na hajapata hata silabi moja.

"We Msomi!" shangazi akaita jana kutoka jikoni. "Umewasha kuni?"

Kwao wanapikia mkaa. Na siku hiyo hata mkaa haukuwepo.