Amri Isiyokaguliwa

Redio ililia mara tatu. Amri kutoka Same.

Stumai, askari kanzu, aliwasha kompyuta ya Toshiba iliyolala kwenye kiti cha Land Rover, nyuma ya soko la Hedaru. Maneno yakajipanga kwenye kioo.

ONDOKA HEDARU. PANDA BOMBO. MAGARI 4202496 YANAPITIA HUKO.

Mwingine angecheka. Magari milioni nne! Hata enzi hii ya ruksa, kila mwenye uwezo akiingiza gari alitakalo, nchi nzima haikuwa na magari mengi hivyo.

Stumai hakucheka. Aliogopa, na sababu alikuwa nayo.

Zefania, mwenzake wa miaka mingi, alikuwa juu ya lori la mkonge lililokuwa likitokea Same, amejifanya kuli. Ndani ya marobota mlikuwa na pembe za ndovu. Kazi ya Stumai ilikuwa kulizuia lori hapa, barabara kuu. Akipanda Bombo, nyuma ya milima, Zefania angebaki peke yake na watu wasiotania. Angefika Tanga maiti, kama angefika.

Akaandika: IDADI HAISOMEKI. RUDIA.

Jibu likaja haraka.

MAGARI 4206592.

Mikwaruzo ya redio huharibu herufi popote inapopenda. Haichagui nafasi ile ile mara mbili.

Alivuka barabara hadi duka lenye simu. Rafu zilijaa sabuni za ng'ambo, na wateja walikuwa wakizitazama tu. Akampigia Loth, fundi wa kompyuta wa kituo cha Same.

"Niko nyumbani, dada. Malaria imenilaza."

"Mtambo wako umenitumia magari milioni nne."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Kila amri pale tunaiandika kama programu ndogo, kwa Caml, lugha ya kompyuta niliyotoka nayo Ufaransa. Amri ina nafasi za kujaza. Nafasi ya mahali inataka neno, nafasi ya magari inataka namba. Ukichanganya, lugha inakataa kabla amri haijatoka."

"Inajuaje?"

"Wewe ukimpa mzee shikamoo, unategemea nini? Marahaba. Akikujibu 'kilo tano', utajua kuna kasoro. Basi lugha yangu inasoma sentensi yenye nafasi, inajua kila nafasi inadai jibu la aina gani. Hailali."

"Na hizi namba?"

"Hiyo ni C, lugha nyingine ya kompyuta. C ya wakati huu haikagui. Ukiipa neno panapotakiwa namba, inakuchapia anwani ya pale neno lilipokaa kwenye kumbukumbu ya mashine, na anwani hiyo hubadilika. Mtu aliandika neno, tuseme 'moja', badala ya tarakimu, akapitisha amri kwenye programu yake mwenyewe."

"Nani anaandika namba kwa maneno?"

"Mzee Aminieli, mwenzangu wa zamu. Alikuwa mpiga simu za maandishi posta. Huko walifundishwa kuandika namba kwa maneno, tarakimu isije ikapotea njiani. Programu yangu inamkatalia kila siku, na kila siku ananitukana."

Stumai alikata simu. Maelezo yalikuwa matamu mno. Chumba cha mtambo kilikuwa na funguo mbili, ya Loth na ya Aminieli. Loth naye aliijua C. Angeshindwaje kumbambikia mzee wa watu kosa, akajilaza kitandani na malaria ya mdomoni? Kikulacho ki nguoni mwako, na Stumai alikuwa na nguo mbili.

Akaandika: NAPANDA BOMBO.

Hakupanda popote.

Alimwendea Priska, muuza tangawizi aliyemzoea, akaazima kanga na beseni. Bastola ya Makarov akaizika chini ya tangawizi. Ubao wa misumari akaulaza barabarani chini ya gunia, kisha akaketi ukingoni na wauzaji wengine.

Lori la Scania likatokea. Lilikuwa linakimbia, halina wasiwasi hata chembe. Dereva alikuwa ameambiwa njia nyeupe.

Matairi yakapasuka.

Lori likayumba, likasimama likikoroma. Wauzaji walilikimbilia kama wanavyokimbilia kila gari linalosimama Hedaru, mabeseni kichwani, bei mdomoni. Stumai alikuwa katikati yao.

Mwanamume mwenye miwani myeusi akaruka kutoka kwenye kabini. Hakuangalia matairi. Alitazama juu kwenye marobota na kuinua bastola.

"Zefania, lala!"

Makarov ikalia. Bastola ya yule bwana ikaanguka, naye akaushika mkono wake akipiga mayowe. Dereva akanyoosha mikono bila kuombwa. Zefania akateremka na kipande cha pembe, makapi ya mkonge yamemjaa kichwani.

"Umechelewa," alisema.

"Pole," alisema Stumai.

Kwenye kabini, redio aina ya Motorola ikakwaruza. Sauti nzito, imefunikwa kitambaa, haitambuliki.

"Mkonge, Mkonge. Yule mwanamke ameshapanda?"

Zefania akamtazama. Stumai alichukua kipaza sauti. Loth alikuwa rika lake; walikuwa wakiitana majina tangu shule. Kama ni yeye, angekata au angetukana. Akalainisha sauti, kama binti wa Kipare anayemkuta mzee njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwana—"

Sauti ikajikata yenyewe.

Mzee wa watu alikuwa ameitikia shikamoo tangu mvi ya kwanza. Ilimtoka kabla hajaikagua.

"Nafasi ilitaka marahaba, mzee Aminieli," alisema Stumai, "nawe umeijaza vizuri. Kaa hapo hapo, wenzangu wanakuja."

Akaita polisi wa Same kwa redio yake mwenyewe, akawatajia chumba na jina. Kisha akavuka hadi lile duka, akapiga simu moja fupi.

"Loth, nilikushuku."

"Najua. Ningekuwa wewe, ningenishuku pia."

"Kunywa dawa."

Nje, askari wa Hedaru waliovutwa na mlio wa risasi walikuwa wakiwafunga pingu wawili wale. Stumai alirudisha bastola kiunoni, akakusanya tangawizi iliyotapakaa barabarani, akapeleka beseni kwa mwenyewe.

"Umeuza?" aliuliza Priska.

"Hata moja," alisema Stumai. Akakunja kanga ya watu vizuri, akamkabidhi, akatembea taratibu kuelekea kwenye Land Rover.