Kishahidi cha Rangi Nyeupe

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, alfajiri, bado hakujapambazuka, simu ya Inspekta ilipolia. Alizima jiko, akaondoka bila chai.

Kituoni vijana walimwita Shangazi, kwa sababu alimwuliza kila mshukiwa kama amekula kabla ya kumwuliza alikuwa wapi.

"Rimu nne za gari zimeibwa kwenye karakana ya rangi," alisema koplo. "Mlinzi tumeshamkamata."

"Amekiri?"

"Bado, afande. Ila mwenye karakana anasema ni yeye."

"Anasema, au aliona?"

Koplo alikwenda kuwasha gari.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya chuma cha moto. Kufuli lilikuwa zima. Mbele ya tanuri la kuokea rangi ili ishike kwenye chuma, kulabu nne zilining'inia tupu, na chini yake yalipangwa matairi manne mapya kabisa.

Shangazi aliinama akayatazama. Mwizi gani huyu, anayebeba rimu na kuacha matairi mapya?

"Mwenye rimu anakuja saa nne," alilalamika Bosi, mwenye karakana. "Gari lake hubeba watoto wa shule. Nimwambie nini? Ufunguo anao huyu mzee. Kazi hana tena, na jela aende!"

Mlinzi alikaa kwenye benchi, pingu mikononi. Walimwita Mzee Tochi.

"Umekula, mzee?"

"Kooni hakupiti kitu, mwanangu. Nimezeeka nikilinda mali za watu, leo wajukuu zangu waambiwe babu yao mwizi?"

"Usiku aliingia nani?"

"Hakuna mgeni aliyeingia."

"Sikuuliza mgeni."

Mzee aliinamisha kichwa. "Wa hapa huingia na kutoka. Mimi simkagui mwenye nyumba."

Wakati huo mdogo wake Bosi alikuja na kikombe cha chai. Kazi yake ilikuwa kuoka rangi, na kila mtu alimwita Tanuri. Alimshikia mzee kikombe mdomoni, akakipuliza kwanza. Hakumtazama mzee usoni. Shangazi aliona.

"Kijana, hebu nifundishe," alisema baadaye. "Mtu huchaguaje rangi ya rimu?"

Tanuri alimpeleka kwenye ubao wa sampuli. Kwa mara ya kwanza uso wake ulichangamka.

"Wengi wakifika wanataka nyeusi ya kung'aa. Nawaambia, hiyo inaonyesha kila alama ya kidole. Isiyong'aa inapendeza, lakini vumbi la breki huing'ang'ania. Hii yenye chembechembe, ipapase, huficha mikwaruzo."

Shangazi aliipapasa. "Kama ganda la chungwa! Na mwenye hizi alichagua ipi?"

"Nyeupe ya kung'aa. Alibadili nia, akarudi, akabadili tena. Mwisho akasema anataka watoto walitambue gari lao kwa mbali."

"Na hivi vibao vidogo vya pembeni?"

"Vishahidi. Kila kazi huokwa pamoja na kibao kimoja. Mteja akija na maneno, tunalinganisha."

Shangazi alikitungua cha mwisho, akakiweka juu ya sampuli nyeupe. Sampuli ilikuwa maziwa. Kibao kilikuwa jino la mvuta tumbaku.

"Hiki ni cha rimu zilizopotea?"

"Ndicho," alijibu Bosi nyuma yao, akashangaa. "Mbona cha manjano?"

"Alikitundika nani?"

Tanuri alikitazama kana kwamba hajawahi kukiona. Mkono una mazoea yake. Ulikitundika kama siku zote, bila kumwuliza mwenyewe.

"Nyeupe hufikaje hapa, kijana?"

"Moto ukizidi."

"Na rimu yenyewe?"

"Inapoteza nguvu. Kwa macho huoni kitu. Gari likiingia shimoni kwa kasi, inaweza kupasuka."

"Ziko wapi?"

"Chini ya kitanda changu." Machozi yalimtoka. "Jana nilipigiwa simu, mke wangu kashikwa uchungu. Nikakimbia hospitali, tanuri nikaliacha linawaka; niliporudi usiku, rimu zilikuwa zimeungua. Kaka alishaapa, kosa moja tena nitafute pa kwenda. Na mtoto ndiyo kwanza kazaliwa! Tena nilijua angesema tupake nyeusi juu, tumkabidhi mteja. Nikaona bora zipotee kuliko watoto wale wazipande."

Bosi alifungua kinywa kubisha. Kisha akaketi juu ya tairi.

"Ningepaka nyeusi," alisema taratibu. "Wallahi ningepaka."

"Na mzee alipokamatwa?" aliuliza Shangazi.

"Sikudhani watamshika yeye."

"Walipomshika, ukafanya nini?"

Tanuri alifuta uso. "Nilimletea chai."

Shangazi alimfungua mzee pingu mwenyewe, akamsugua viganja mpaka damu ikatembea.

"Umewaepusha watoto wa watu na ajali," alimwambia Tanuri, "ukamwacha baba wa watu afungwe. Yote mawili utayaeleza kituoni. Na wewe Bosi, mwenye rimu akija, utamwambia ukweli kwa mdomo wako. Kazi ya mzee je?"

"Ni yake," Bosi alisema, macho chini. "Mzee, nimekukosea."

Tanuri alipiga magoti mbele ya benchi. "Baba, nisamehe."

Mzee Tochi aliinua mkono kama atakayemgusa kichwa, akaurudisha mapajani.

"Leo siwezi, mwanangu. Moyo bado unauma. Wakikuachia, njoo nyumbani. Nikishindwa kukusamehe siku hiyo, usichoke. Njoo tena."