Aliishi Masaa Sita

Kila kitu kiliharibika Jumatano, tarehe tisa mwezi wa sita. Saa nne asubuhi mke wa Fundi alijifungua mtoto wa kike kwenye zahanati ya kata. Saa sita mama mtu akawa amekwisha kwa kuvuja damu, maana gari la wagonjwa lilikuwa limetumwa kubeba viti vya mgeni rasmi. Saa kumi mtoto naye akapoa mikononi mwa baba yake, mlangoni pa chumba kipya cha kuwapasha joto watoto wachanga. Mashine zilikuwemo, bado na nailoni zake. Mlango ulikuwa na kufuli. Chumba kilimsubiri mgeni aje akate utepe.

Fundi alirudi kwenye kibanda chake cha kuchomelea vyuma, pembeni mwa soko, akashusha miwani nyeusi usoni. Miaka miwili ikampita akiwa nyuma ya miwani ile.

Halafu Alhamisi moja, soko limefurika, dada mmoja akasimama mbele yake na mizani ya kuning'iniza. Gauni la kijani, kizibao cha bluu cha wahudumu wa afya wa mtaa, raba zilizochoka, jasho pembeni ya nyusi. Nyuma yake wauza mboga walishapanga foleni, watoto mgongoni.

"Fundi, kulabu imekatika. Nichomelee, lakini vizuri. Hii inabeba watu, si maboga."

"Watu wenyewe wazito?"

"Mzito kuliko wote ana kilo kumi. Mama yake anasema kumi na mbili, na usimbishie."

Kitu kikamtekenya Fundi kooni. Kilikuwa kicheko, alishakisahau. Akachomelea, akasubiri chuma kipoe, akaning'inia kwenye kulabu mwenyewe.

"Mbona unataka kuivunja tena?"

"Ikinibeba mimi na dhambi zangu, itawabeba wanao."

"Si wangu. Mimi sina hata paka."

"Unataka kuniambia nini, dada?"

"Kwamba nina haraka," akasema, lakini hakuondoka.

Soko zima lilimwita Dada Mizani. Yeye akamwita Fundi Bwana Cheche, na simu zikaanza.

"Bwana Cheche, umekula?"

"Nimekula moshi."

"Moshi haujengi mwili, mpenzi."

Neno la mwisho lilipita upesi, wote wawili wakajifanya hawakulisikia.

Dada Mizani na akina mama wa mtaa walikuwa wameacha kuwangoja wakubwa. Kila mjamzito walimpa majirani wawili wa kumwangalia. Aliyezaa kitoto kidogo walimfundisha kukilaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kipate joto.

"Hata baba anaweza?" Fundi aliuliza siku aliposikia.

"Anaweza sana. Anafungua shati tu."

Fundi akagusa kifungo cha shati lake. Siku ile alimshika mwanawe juu ya shati, ndani ya kitambaa kibichi, akingoja ufunguo. Wauguzi walipita mara ngapi? Hakuna aliyemwambia fungua vifungo.

Wiki hiyo akachomelea kitanda cha magurudumu cha kufunga nyuma ya pikipiki, wajawazito wasilingoje gari. Dada Mizani alikilalia akijipimia, raba zikichungulia mwishoni.

"Hiki ndicho kitanda unachonitongozea?"

"Kingine kipo nyumbani. Hakina magurudumu."

Akacheka mpaka akakaa. Fundi akaanza kunyoa ndevu.

Ila jina la marehemu mkewe hakuwahi kulitaja. Lilimchoma ulimi.

Alhamisi nyingine alimshikia Dada Mizani daftari lake wakati mtoto mmoja anarusha mateke kwenye mizani. Upepo ukafunua kurasa za nyuma. Fundi alisoma kwa kukokota, darasa la nne halikumfikisha mbali, lakini jina lile la mkewe alilijua. Tarehe tisa, mwezi wa sita. Mbele yake: *amezaliwa mfu*. Mwandiko wa mviringo, uleule wa vikaratasi alivyokuwa akiachiwa na Dada Mizani kibandani.

"Nani kaandika hapa?"

Dada Mizani akasoma, akamtazama usoni, akaelewa. "Mimi."

"Mwanangu alilia. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Tuliambiwa wasiomaliza siku moja tuwaandike hivyo. Mimi sikuwepo siku ile, nilinakili tu. Sikujua ni wako."

"Angekuwa wa mwingine ingekuwa sawa?"

Kata ilikuwa na ngao ofisini, imening'inizwa juu ya kiti cha mganga mkuu: kata isiyopoteza watoto wachanga. Watu wazima walipigiana makofi kwa ngao hiyo, wakala, wakafuta midomo.

Wiki tatu simu iliita kibandani, Fundi akaitazama mpaka ikachoka.

Siku ya ishirini na mbili alikuja mwenyewe. Gauni lile la kijani, bila kizibao.

"Huongei na mimi, sawa. Sikiliza tu. Nimesimama kwenye kikao cha afya cha kata. Nimesoma watoto kumi na mmoja, kwa majina ya mama zao. Nikasema hawa walizaliwa hai. Mganga mkuu akasema hesabu zimeshapelekwa juu. Nikachukua kalamu, nikasahihisha mbele yao."

"Wakafanyaje?"

"Wamenivua kizibao. Daftari wamelifungia kabatini."

"Wangu umemwandika nini?"

"Msichana. Amezaliwa hai. Aliishi masaa sita."

Fundi akavua miwani, akakaa juu ya debe. "Alikuwa na nywele nyingi," akasema. "Alinishika kidole hiki." Dada Mizani akakaa chini kando yake, akamsikiliza hadi mwisho. Mteja wa geti alikuja, akawaona, akageuza.

Walipotulia, Fundi akasafisha koo. "Mimi kubembeleza sijui. Nina vyumba viwili na hasira nyingi. Ukiviweza, tuoane."

"Hasira naziweza, hata mimi ninazo." Akamshika mkono wenye makovu ya moto. "Nimekubali, mume wangu. Ila mganga mkuu ni yuleyule, wauguzi ni walewale, na zahanati ni hiyohiyo moja. Nikishika mimba, utanipeleka kujifungulia wapi?"