Pai ya Liki Zizini kwa Odile

"Kaka, unanunua au unanitazama?"

"Vyote viwili, dada."

Clotilde alicheka, skafu nyekundu shingoni, meza yake imejaa jibini la mbuzi alilotengeneza mama yake. Soko la Tours lilikuwa limefurika, lakini mimi nauza vitunguu meza ya pili na sikukosa neno. Kijana mwenyewe, Firmin, alikuwa mpishi kutoka Brest, mgeni kabisa huku kwetu.

Jumamosi iliyofuata alimletea pai ya liki, vile vitunguu vya majani marefu, na jibini la Clotilde mwenyewe, bado ya moto. Clotilde alikula amefumba macho.

"Umeweka nini humu, mchawi wewe?"

"Jibini lako, mpenzi."

"Nani mpenzi wako?" Lakini alimaliza pai yote.

Kufika Januari, Clotilde akampeleka kijijini kwa mama yake, Odile. Firmin akapika, akalikata jibini, ambalo ni refu kama kigogo, kuanzia ncha nyembamba. Lo! Huku kwetu tunaanzia ncha nene. Ukianzia nyembamba, umekata chuchu ya mbuzi na maziwa yatakauka. Odile akamwambia hivyo kwa upole.

Firmin akaangua kicheko. "Sasa mama, mbuzi zizini atajuaje?"

Odile akaweka uma chini, akatoka. Maneno yale marehemu mumewe alikuwa akiyasema kila mlo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Odile kuyarudia mezani tangu azikwe, miaka mitatu iliyopita.

"Umemcheka baba yangu," Clotilde alisema.

Baada ya hapo simu ya Clotilde ikawa haipokelewi. Firmin alipiga siku nne, wapi! Akaja kwangu macho mekundu.

"Mama Yvonne, nimeachwa."

"Nani kakwambia? Mdomo si unao? Nenda kaombe radhi!"

Alioka pai nyingine, akaifunga kwa taulo, akapanda basi la asubuhi. Nyumbani hakukuta mtu. Akafuata kelele mpaka zizini. Mbuzi walikuwa wanazaa, thelathini kwa mpigo, na Clotilde alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu kando ya mama yake, nywele zimemsimama, koti la marehemu baba yake limelowa.

"Clotilde, nimekuja..."

"Shika huyu mtoto, msugue apumue!"

Alisugua. Akamsugua na wa pili, na wa tatu, hadi shati lake jeupe likawa halitamaniki. Saa sita mchana zizi likatulia.

"Kwa nini hukupokea simu yangu?"

"Simu? Iliangukia ndooni tangu Jumatatu! Ulidhani nimekuacha?"

"Nilijua umeniacha."

"Mjinga wangu wewe."

Firmin akafungua taulo. Odile akachukua kipande kwa mikono yake michafu hivyo hivyo, akatafuna, akaanza kulia.

"Mama, imeungua?"

"Hapana, mwanangu. Siku nne tunakula mkate mkavu. Na tangu mume wangu aondoke, hakuna aliyeingia humu zizini kutuletea chakula. Asante. Asante sana."

Firmin akapiga goti palepale kwenye majani. "Mama, nisamehe. Sikujua kuwa ni maneno ya mzee."

"Nimekusamehe tangu kipande cha kwanza," Odile alisema, akifuta macho. "Sasa maadamu uko kwenye magoti, mgeukie binti yangu, umwombe unachotaka."

Firmin akageuka. Kabla hajafungua mdomo, Clotilde alikwisha kusema ndiyo.