Kisanduku ndani ya Gofu

Haya yalimfika Hamzah, mwalimu wa Mtambile niliyesoma naye, na ninayaandika kama alivyonisimulia.

Hamzah alipenda mchezo wa kuficha visanduku ili wenziwe wavitafute kwa ramani ya simu. Anayekipata huandika jina lake kwenye daftari lililomo, kisha hukirudisha palepale. Chake alikificha ndani ya gofu la nyumba ya bibi yake, katikati ya mikarafuu.

"Pale hapaingiwi bila ya hodi, mwanangu," mamake, Bi Rumaitha, alimwonya.

"Nimpigie hodi nani, mama? Popo?"

Mwezi mzima watafutaji wakalalamika kwamba hawaoni kitu. Na yeye naye asingekiona, kingefutwa kwenye orodha ya mchezo. Alasiri moja akaenda, bendera za uchaguzi wa 2015 bado zinaning'inia njiani. Simu ikamzungusha gofu mara tano. Kila akifika mlangoni, mshale unageuka. Mwisho ikazima.

"Simu gani hii!"

Ndani mlikuwa giza, na kitu kilikuwa kikikwaruza taratibu, kama ukucha juu ya bati.

Kwa kuchoka tu, akasimama kizingitini akasema, "Hodi."

Mkwaruzo ukakoma.

Akaingia akipapasa. Kisanduku kilikuwa palepale alipokiweka; akakitoa nje kwenye mwanga. Daftarini hamkuwa na jina hata moja, ila alama ya dole gumba lenye kovu la mshazari. Hamzah aliijua. Iko kwenye hati ya shamba, chini ya jina la bibi yake, aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa.

Akaigusa. Wino ukambakia kidoleni, ulikuwa haujakauka.